Dayodi ya Shilingi Mia Mbili

Karakana ya Mihayo, Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Vumbi la mninga limetua hata kwenye nyusi,
na ile mashine ya kuchonga, iliyoteremka kwenye treni
ikiwa imevikwa mablanketi mawili na kamba ya katani,
imekwama katikati ya mlango wa watu.

Nilipewa kazi ndogo. Ndivyo walivyosema.
Vali nne za hewa, solenoidi nne,
kila moja na pistoni yake ya kubana ubao;
bodi ya kijani, upana wa kiganja,
huku waya wa USB unaokwenda kwenye kompyuta,
kule skrubu ndogo nane zinazosubiri nyaya.
Ukiandika moja, vali ifunguke.
Ukiandika sifuri, ifunge.
Hata mtoto wa chekechea anaijua sifuri.

Moja: ta!
Pistoni ikashuka, ubao ukatulia
kama mgonjwa anayesubiri sindano.
Sifuri: ta!
na kompyuta ikatoa ile sauti yake ya kushuka,
sauti ya mgeni anayetoka bila kuaga.
Bodi haionekani. Haijawahi kuwepo.
Kisu kikaendelea kuzunguka juu ya ubao ulioachiwa,
ubao ukaruka, ukampita Shigela sikioni,
ukaenda kuvunja kikombe cha chai.

"Wewe na michezo yako ya kompyuta," alisema.
Nikamjibu. Sitaandika nilichomjibu.
Alivua aproni, akaitundika msumarini,
na tangu Jumanne simu yake inaniambia
mteja ninayempigia hapatikani.

Usiku nilibaki na mita.
Nilishuku waya, nikaubadilisha.
Nilishuku umeme wa mtaa, ambao husingiziwa
hata siku usipokuwepo.
Mwisho nikashika ncha za koili kwa vidole vitupu,
nikakata swichi,
na volti ishirini na nne, zisizoua hata mende,
zikanirusha hadi kwenye rundo la maranda.

Nilicheka humo marandani, peke yangu.
Koili haina neno wakati wa kupewa.
Inapokea taratibu, inajaza tumbo sumaku,
inavuta chuma chake, inakaa.
Ni ukiinyima ghafla
ndipo inaporudisha kwa mkupuo,
mara kumi ya ulichoipa,
kwa yeyote aliye karibu.
Bodi ilikuwa karibu.

Dayodi: shilingi mia mbili kwa Hamdani, fundi redio wa Kanyenye.
Punje nyeusi, mkanda mweupe kiunoni.
Ya kwanza niliigeuza, ikapasuka kama bisi.
Ya pili nikaelekeza mkanda upande wa chanya,
ikalala ubavuni mwa koili bila kazi,
kama mtu anayekaa msibani asiseme kitu.
Haizuii hasira. Haiikemei.
Inaifungulia njia izunguke humo humo,
kwenye waya ule ule, hadi ichoke,
ibaki joto kidogo tu, ukigusa.

Sifuri: ta.
Bodi ipo.
Moja. Sifuri. Moja. Nilihesabu kwa sauti,
nikitaka mara sitini;
honi ya treni ya Mpanda ikanipoteza kwenye hamsini na saba,
nikaanza upya.

Kuna gharama yake. Vali sasa inachelewa kuachia,
chembe ya sekunde, jicho halioni.
Nimeiandikia kompyuta mstari mmoja zaidi: subiri.
Ndipo kisu kinyanyuke, ndipo ubao usogee.

Shigela nimemtumia ujumbe pia.
Sikueleza mengi. Nimesema kikombe nimenunua kingine.
Haujafika bado.
Aproni yake iko pale pale, juu ya kompresa,
na kila vali inapotema hewa
inatikisika upindo.